Vitabu vya Ngoma na Vitabu Vilivyopigwa Chapa Upya: Vinamrudia Nani?

Katika kazi ya kujenga itikadi, kitabu si pambo la ofisi. Kitabu ni chombo cha mapambano ya mawazo, na kila chombo kina aliyekitengeneza na kazi aliyokusudia kifanye. Kwa hiyo mkada anaposimama mbele ya rafu ya vitabu haimtoshi kuuliza kama kitabu ni kizuri au kibaya. Hana budi aulize mambo matatu: Kitabu hiki kinasema habari za nani? Kimeandikwa kwa lugha ya nani? Na kinamrudia nani?

Katika kutayarisha masomo ya utamaduni kwa wanachuo, nilipitia rafu yenye vitabu vya kila namna. Upande mmoja palikuwa na tafiti za muziki na ngoma zetu; upande wa pili, vitabu vya zamani vilivyopigwa chapa upya. Hakuna aliyevipanga kwa mpango maalum. Lakini ukivisoma pamoja, vinasahihishana.

Tuanze na kitabu cha Terence Ranger kuhusu ngoma ya beni, Dance and Society in Eastern Africa, kilichotoka mwaka 1975. Ranger alifundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Anaifuata beni tangu ilipoanza katika miji ya Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikaingia Tanganyika, ikasambazwa na askari na wapagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mpaka ikafika kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na sare, vyeo vya kijeshi na bendi. Mwenye kasumba angesema kwamba watu hao walikuwa wakimwiga mkoloni tu. Ranger anaonyesha kwamba ndani ya maigizo hayo mlikuwa na kusaidiana, kushindana na kujipanga. Wafanyakazi wa migodi ya shaba walipogoma mwaka 1935, tume ya serikali ya kikoloni ilichunguza pia chama cha ngoma hiyo. Mkoloni alikwisha kutambua kwamba watu wanaojua kupanga ngoma hawashindwi kupanga mgomo.

Hilo ni somo kubwa kwa mkada. Lakini beni ilichezwa na kuimbwa kwa Kiswahili, na kitabu ni cha Kiingereza. Mjukuu wa mpiga tarumbeta wa Arinoti hawezi kukisoma mpaka kwanza ajifunze lugha ya yule aliyemchunguza babu yake.

Kitabu cha pili kitawaudhi baadhi yetu. Ni Performing the Nation cha Kelly Askew, kilichotolewa Chicago mwaka 2002. Mwandishi alifanya utafiti wake hasa Tanga, na mwenyewe alishiriki katika vikundi vya muziki. Anakumbusha kwamba mwaka 1962 Rais wa kwanza wa Tanganyika aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na kwamba ngoma ikapewa heshima ya kuwa alama ya taifa. Taarab, kwa upande wake, ilitiliwa shaka kwa kudhaniwa kuwa ya Kiarabu, ingawa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiswahili na wananchi waliijaza kumbi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kikundi cha TOT kikaundwa ili kukipigania Chama jukwaani, na taarab ikawa silaha yake mojawapo.

Kujikosoa kunatutaka tukubali ukweli huu. Tulihubiri kwamba utamaduni unatoka kwa umma, lakini mara nyingine ofisi ndiyo iliyouamulia umma kipi ni chake. Pamoja na hayo hatulazimiki kukubali kila neno la mwandishi. Kulitazama taifa kama onyesho kunaweza kumsahaulisha msomaji kwamba taifa ni pia ardhi, zahanati na shule, na kwamba watazamaji nao wana matabaka yao. Lakini makosa ya mwandishi hayafuti yetu.

Sasa tufike mahali ambapo vitabu vya muziki na vilivyopigwa chapa upya vinakutana, yaani kwa Siti binti Saad. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, ukatoka mara ya kwanza mwaka 1958, na baadaye Mkuki na Nyota wakaupiga chapa upya. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watumwa, aliuza vyungu, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Shaaban Robert anamsifu kwa bidii, ustahimilivu na tabia njema. Lugha yake ni safi, na mwanachuo yeyote anaielewa. Lakini anayesoma wasifu huo peke yake anaweza kudhani kwamba unyonge ni mtihani wa mtu mmoja mmoja, na kwamba dawa yake ni subira.

Pembeni yake weka Pastimes and Politics cha Laura Fair, kilichotolewa Marekani mwaka 2001. Hapo Siti hayuko peke yake. Yumo ndani ya Ng'ambo, mtaa wa watwana wa jana na wafanyakazi wa siku zile. Nyimbo zake zinachambuliwa pamoja na kesi za mahakama ya kikoloni, kama ile iliyozaa wimbo wa Kijiti, ambamo muuaji alitoroka na waliobeba adhabu ni wanawake waliokuwa na marehemu. Wimbo ulikuwa gazeti la wasiokuwa na gazeti.

Basi kitabu kimoja kina lugha ya umma, na cha pili kina uchambuzi wa tabaka. Aliyesoma kimoja tu amepata nusu. Mpaka leo mwanachuo asiyejua Kiingereza anaishia kwenye subira, na anayekijua vizuri ndiye anayefika kwenye mapambano. Mgawanyo huo wenyewe ni wa kitabaka, na sisi wakufunzi tumeuzoea.

Kupiga chapa upya nako kunahitaji uangalifu. Ni jambo jema, kwani kitabu kisichopatikana ni sawa na kilichochomwa. Lakini kitabu kina tarehe yake. Kijana akipewa Azimio la Arusha la mwaka 1967 bila kuelezwa kwamba mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa, ilipokutana Zanzibar, iliyalegeza masharti ya uongozi, atalisoma kama dua. Ataona mbele yake kiongozi mwenye hisa na nyumba za kupangisha, kisha atasema kwamba maandishi ni ya uongo au kiongozi ni mwizi. Hatapata nafasi ya kuuliza swali lenyewe: uamuzi ulibadilikaje, na kwa manufaa ya nani? Chapa mpya isiyo na maelezo ya historia hugeuza nadharia kuwa hirizi.

Kutokana na hayo, wajibu wetu ni wa aina tatu. Kwanza, kila chuo kiteue sura chache za tafiti hizi, kizitafsiri kwa Kiswahili chepesi kwa kufuata taratibu za haki za waandishi, na kizisome pamoja na wazee wa ngoma na taarab waliopo jirani, ili wasahihishe palipokosewa. Pili, kila maandishi ya Chama yanayopigwa chapa upya yaambatane na maelezo ya nini kilitangulia na nini kilifuata, bila kuficha. Tatu, wanachuo waandike wenyewe. Mkada aliyekaa wilayani miaka mitano bila kuandika hata ukurasa mmoja kuhusu nyimbo za kazi za mahali hapo asilalamike kwamba wageni ndio wanaotuandika.

Wageni hawa hawakutuibia ngoma. Walikuja, wakasikiliza, wakaandika. Waliokuwa karibu zaidi na ngoma hiyo walikuwa sisi, na wengi wetu tulikuwa tukingoja ikome ili mkutano uanze.