Kibaba Kimoja au Vibaba Vitatu? Uhakiki wa Bima ya Afya Nchini Rwanda

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mituweli, bima ya afya ya jamii inayotegemewa na kaya nyingi hapa Mudende, imejengwa juu ya wazo hilo. Lakini methali inataja kibaba kimoja. Sisi tuna vibaba vitatu vya umma: mituweli ya wakulima na wachuuzi, RAMA ya watumishi wa serikali na waajiriwa wengine, na MMI ya wanajeshi. Katika makala hii ninatetea hoja moja: vibaba hivi viunganishwe kuwa mfuko mmoja wa taifa, na kila mtu achangie kadiri ya kipato chake.

Kwanza tuipe mituweli haki yake. Ilianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya za Byumba, Kabgayi na Kabutare, kisha sheria ya mwaka 2007 ikafanya bima ya afya kuwa lazima. Mwanachama akifika kituo cha afya hulipa faranga 200. Akipelekwa hospitali hulipa asilimia 10 ya gharama. Kwa hiyo mama ambaye mtoto wake ana nimonia halazimiki kuuza ng'ombe ili mtoto atibiwe. Zipo nchi tajiri kutuzidi ambazo bado hazijafika hapo.

Kasoro iko kwenye mchango. Chini ya mfumo wa ubudehe, kaya nyingi zilipangiwa faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka, zilizohesabiwa kuwa tajiri 7,000, na maskini kabisa wakalipiwa 2,000. Tuchukue familia ya watu sita inayolima viazi: inatakiwa kulipa 18,000. Jirani yao mwenye duka na mtoto mmoja, akiwa katika daraja lilelile, yeye na mkewe na mtoto wao hulipa 9,000. Mwenye kidogo amelipa mara mbili ya mwenye kingi, kwa sababu tu ana watoto wengi.

Sasa tuangalie RAMA. Huko mchango ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri. Anayepata 200,000 kwa mwezi huingiziwa 30,000, yaani 360,000 kwa mwaka. Hizo ni mara ishirini ya zile za familia ya viazi. RAMA humuuliza mtu, "Unapata kiasi gani?" Mituweli humuuliza, "Mko wangapi?" Swali la kwanza ndilo la haki, lakini huulizwa ndani ya kibaba cha wenye mishahara peke yao.

Wapo watakaosema kwamba mfuko mmoja utazaa deni moja kubwa. Historia yetu inaonyesha vingine. Kabla ya mwaka 2015 fedha za mituweli zilisimamiwa katika vituo vya afya na wilaya, na baadhi ya mifuko hiyo ilielemewa na madeni ya hospitali. Mfuko mdogo ukipata wagonjwa wengi kwa mwaka mmoja, umekwisha. Mwezi Julai 2015 mituweli ikakabidhiwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB, ambayo ndiyo inayosimamia RAMA pia. Vibaba viwili tayari viko ndani ya nyumba moja. Kilichobaki ni kuondoa ukuta kati yake.

Wengine watasema ni dhuluma kumtoza mwalimu au karani kwa ajili ya matibabu ya mkulima. Lakini jambo hilo limeshaanza. Tangu mwaka 2020 kila mwajiriwa hukatwa asilimia 0.5 ya mshahara anaobaki nao mkononi ili kuichangia mituweli. Tena karani huyo anakula viazi na kunywa maziwa ya huyo mkulima. Mkulima akiugua bila tiba, hasara haiishii shambani kwake.

Hata hivyo, kuunganisha peke yake hakutoshi. Kenya iliufuta mfuko wake wa zamani, NHIF, na kuanzia Oktoba 2024 ikaleta Mamlaka ya Afya ya Jamii, yenye mchango wa asilimia 2.75 ya kipato. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi. Asiye na mshahara hukadiriwa kipato chake, kisha hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Mchuuzi wa mboga atazitoa wapi?

Sisi tuna njia iliyo karibu. Mwaka wa mituweli huanza tarehe 1 Julai, na majirani wengi hujiandaa kwa kuweka akiba kidogo kidogo katika vimina vyao. Mfuko wa taifa ufuate mwendo huohuo: umkate mfugaji sehemu ndogo anapouza maziwa, mkulima anapouza mavuno, na karani siku ya mshahara. Asiye na cha kuuza alipiwe kutokana na kodi. Hapo ndipo kila mmoja atakapotia haba yake kwa uwezo wake, na kibaba kitakuwa cha wote.