Bahari kwanza: hesabu ya triathloni ya mkazi wa Mbagala

Kwa hesabu ya karatasini, anayejiandaa kwa triathloni fupi hana sababu ya kuhangaika na kuogelea. Shindano lenyewe ni mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio, mfululizo, na saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Mtu anayeogelea mita 100 kwa dakika tatu, akijifunza hadi azimalize kwa dakika mbili na nusu, ataokoa dakika tatu na sekunde 45 tu. Lakini akitoka kwenye mwendo wa kilomita 22 kwa saa juu ya baiskeli na kufika kilomita 26, ameokoa dakika nane na ushee. Mwenye kalamu mkononi atakwambia upige pedali, bahari utaikuta hukohuko.

Rafiki yangu mmoja, fundi umeme anayeishi Mbagala Rangi Tatu, alikwenda kinyume na hesabu hiyo. Karibu nusu ya muda wake wa mazoezi aliupeleka baharini. Nimeyafuatilia maandalizi yake kwa karibu, na nasema bila wasiwasi kwamba alikuwa sahihi. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, ameiona bahari akiwa mtu mzima. Mtu wa namna hiyo haendi majini kutafuta dakika. Anatafuta kutoka akiwa bado na pumzi. Akitoka anatweta, moyo unadunda na miguu inatetemeka, zile dakika nane za baiskeli hazipo tena, na mbio atazimaliza kwa kutembea. Uzito wa kuogelea hauonekani kwenye saa ya kuogelea, unaonekana kwenye saa ya baiskeli.

Swali la kwanza lilikuwa aogelee lini. Karibu na kwake hakuna bwawa. Mabwawa ya hoteli za Mbezi Beach na Kunduchi yako Kinondoni, upande wa pili wa jiji, na yanataka kiingilio. Ikabaki bahari ya Mji Mwema, Kigamboni. Na bahari ina ratiba yake. Pwani ya Dar es Salaam maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu. Siku hizo za bamvua, yaani za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa saa nne. Ukifika ufukweni saa nne ya asubuhi hiyo na miwani yako ya kuogelea, utakuta mawe, mwani na akina mama wameinama wanaokota makome, bahari yenyewe iko huko mbali.

Sasa ongeza dakika 50 kila siku kwa siku tatu au nne. Maji yanajaa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu asubuhi, wakati upepo bado haujaamka na fundi bado hajapigiwa simu ya kazi. Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu, hizo ni takriban tarehe tatu hadi tano, kisha kumi na saba hadi kumi na tisa. Hapo ndipo alipoweka mazoezi yake marefu ya kuogelea. Siku za maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu, aliziweka za kujifunza: kupumua, kuelea, kunyoosha mwili katika maji ya kifuani. Mpango huu hakuutoa kwenye kitabu cha makocha. Aliupata kwa mvuvi mmoja mzee wa palepale Mji Mwema, Mzaramo, ambaye alikuwa akizisema saa za maji bila kutazama chochote. Baadaye tulizilinganisha na jedwali la kujaa na kupwa la bandari, na mzee alikuwa hakosei kwa kiasi cha kumzuia mtu kuogelea.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na utani huo ulifanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

"Shikamoo mzee," fundi anaanza.

"Marahaba. Mnyamwezi, na hilo dumu, umekuja kuogelea au kutuuzia mafuta?"

"Nimekuja kuchukua bahari yangu, mtani. Mliiazima tu."

"Haya ichukue. Lakini kichwa kiache chini. Ukikiinua ndiyo unazama miguu."

Maneno hayo ya mwisho ni somo zima la kuogelea. Wengi wetu tuliojifunzia majini bila mwalimu tunaogelea kichwa kikiwa juu, macho mbele, kwa hofu ya kumeza maji. Mwili ukiwa ndani ya maji ni kama mzani: kichwa kikipanda, kiuno na miguu vinashuka. Mwili uliolala mshazari unasukuma maji mengi zaidi, na ukinzani wa maji unaongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, yaani ukitaka kwenda mara mbili zaidi, maji yanakukataa mara nne. Ndiyo maana kijana mwenye misuli ya kubeba saruji anachoka katika mita 50, huku mzee mwembamba akikatiza bila kelele. Nguvu haikosekani, inapotea tu kwa kulala vibaya majini.

Dawa yake ilikuwa kwenye pumzi. Fundi alikuwa akiibana pumzi uso ukiwa majini, kisha akigeuka anajaribu kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja. Haiwezekani. Alijifunza kutoa hewa polepole majini, mapovu yakipita masikioni, ili akigeuza uso abakiwe na kazi moja ya kuvuta. Alianza akiwa amesimama, mikono magotini, uso ndani, uso nje. Watoto wa ufukweni walidhani anatafuta kitu kilichoanguka na wakaja kumsaidia kutafuta. Aliwafundisha zoezi lilelile, na asubuhi hiyo kukawa na darasa zima linalotoa mapovu. Baada ya hapo, mita zilikuja zenyewe. Jambo lililofuata lilikuwa dira: baharini hakuna mstari chini kama wa bwawani, kwa hiyo kila baada ya mapigo manane hivi aliinua macho tu, si kichwa kizima, kuangalia mnazi mmoja aliouchagua ufukweni. Asiyefanya hivyo anaogelea mita 900 badala ya 750.

Lile dumu ni la lita tano, la njano, lililokuwa la mafuta ya kula. Lilifungwa vizuri mfuniko na kuunganishwa kiunoni kwa kamba. Linaonekana kwa boti, halizuii mikono, na ukichoka unalikumbatia. Pamoja na dumu, daima kulikuwa na mtu: ama ngalawa ya mzee ikienda taratibu pembeni, ama mmoja wetu ndani ya maji. Hakuogelea peke yake, na hakuogelea maji yakiwa yanatoka kwa kasi. Suti ya mpira inayowapa wenzetu wa nchi za baridi joto na kuwasaidia kuelea hakuihitaji: maji yetu huwa kati ya nyuzi 25 na 30 hivi, na chumvi yenyewe inabeba mwili kidogo.

Baiskeli ilijipanga bila mjadala, kwa sababu ndiyo ilikuwa usafiri wa kumfikisha baharini. Kutoka Rangi Tatu unashuka hadi Kongowe, unaacha Barabara ya Kilwa na kukamata ile ya Mji Mwema. Karibu kilomita 20, umbali uleule wa shindano. Alitoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, taa mbele na nyuma, kofia ngumu kichwani, kwa kuwa malori ya mafuta yanayokwenda kwenye maghala ya Kigamboni hayana subira, na bega la barabara sehemu nyingine ni mchanga mtupu. Udhaifu wa mpango huu ni mmoja: alikuwa akipanda baiskeli kabla ya kuogelea, wakati shindano liko kinyume. Kwa hiyo safari za kurudi ndizo zilizohesabiwa kuwa zoezi halisi. Nywele bado zina chumvi, anakanyaga kuelekea Kongowe.

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, ya barabarani, fremu ya chuma. Kilichoibadilisha ni fundi baiskeli mmoja wa Tandika aliyepandisha kiti. Kipimo chake ni rahisi: weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu uwe umenyooka, ukirudisha nyayo mahali pake, goti linabaki limekunjwa kidogo. Wengi tunakaa chini mno, magoti yanapanda hadi kifuani, na paja linachoka kabla ya wakati. Baada ya hapo ikawa kazi ya gia. Alizoea kutumia gia nzito kwa fahari. Aliposhuka hadi gia nyepesi na kuzungusha mara 80 hadi 90 kwa dakika, mwendo haukupungua na miguu ikabaki na akiba ya mbio.

Wenzake wa Tegeta na Mbezi, ambao huendesha Barabara ya Bagamoyo Jumapili alfajiri, wana somo lao: msimu wa kusi upepo unakusukuma ukielekea Bunju, unajiona bingwa, kisha unarudi nao usoni. Wao hupanga kwenda kwa utulivu na kuweka akiba ya kurudi. Kwa mbio wana pia Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, kilomita moja na kidogo juu ya bahari, ambalo ukilikimbia kwenda na kurudi unajua kabisa umefanya nini.

Mbio ndizo nitakazopita haraka, maana hapo fundi alikuwa tayari. Jambo la kujifunza lilikuwa moja: kukimbia mara tu baada ya kushuka kwenye baiskeli. Miguu iliyozoea kuzunguka inagoma kupiga hatua. Inakuwa mizito, haitii. Haiponi kwa kukimbia sana, inapona kwa kuzoeshwa mara kwa mara kwa muda mfupi. Alikuwa akifika nyumbani, anaegemeza baiskeli ukutani, na kukimbia dakika kumi tu mitaani kwa hatua fupi za haraka. Siku nyingine zote alikimbia kwa mwendo wa kuweza kupiga soga. Akishindwa kumaliza sentensi, anapunguza.

Joto halina mzaha. Unyevu wa Dar unafanya jasho lidondoke badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Hapa nakumbuka lile shindano la kwanza la triathloni ndefu ya Ironman, Hawaii, Februari 1978. Watu 15 waliingia majini kumaliza ubishi wa nani ana pumzi kati ya waogeleaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli. 12 wakamaliza, na Gordon Haller akashinda kwa saa 11 na dakika 46. John Dunbar, aliyekuwa akiongoza, wasaidizi wake waliishiwa maji na kumpa bia. Alimaliza wa pili. Fundi wetu hakutaka yamkute: alibeba maji yenye sukari, limau na chumvi kidogo, na kashata za karanga zilizokatwa vipande vidogo. Dafu alilinywa baada ya zoezi. Lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, na sodiamu ndiyo inayotoka zaidi na jasho.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ya kubadilisha. Kutoka majini hadi juu ya baiskeli watu hupoteza muda mwingi bila kujua. Fundi alitandika kitenge uani, akaweka ndoo ya maji ya kuosha mchanga, viatu vilivyofungwa kamba za lastiki, na kofia ngumu imelala chali juu ya usukani. Sheria ya mchezo ni kwamba kofia ifungwe kidevuni kabla ya kuichukua baiskeli, na binti wa jirani, mwenye miaka kama tisa, ndiye aliyekuwa mwamuzi. Akigusa baiskeli kabla ya kufunga, anapulizwa filimbi na kurudi mwanzo. "Baba Asha, umegusa!" Ua mzima unacheka, anarudi. Baada ya jioni kadhaa za namna hiyo mikono yake ilikuwa ikifanya kazi bila kuulizwa, na dakika alizookoa pale uani hazikumgharimu hata tone la jasho.

Siku tuliyojipimia umbali kamili, yeye na wenzake wa Tegeta, mzee wa ngalawa akiwa majini, fundi alitoka baharini wa mwisho kati yao. Lakini alitoka anatembea wima, anatabasamu, anajibu utani. Kwenye kitenge aliwapita wawili kabla hata hawajapanda. Njiani akampita mwingine, na mbio alizimaliza akiongea. Nani alikuwa wa kwanza sikuandika, kwa kuwa hatukukutana pale kwa ajili hiyo.

Mwaka 2022 Rubavu, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, waliandaa triathloni ya Ironman 70.3, na wageni wakasafiri kwenda kuogelea ziwani. Sisi tuna bahari yenye joto mwaka mzima, barabara zilizotulia Jumapili alfajiri, na wakimbiaji wanaojaza mbio za jiji. Nawaomba waandaaji wa mbio hizo waongeze triathloni fupi, na wafungue pia mlango wa timu za watu watatu: mmoja aogelee, mmoja apige pedali, mmoja akimbie. Tarehe waipange kwa maji ya asubuhi, siku tatu au nne baada ya mwezi mpevu, na kabla ya kuitangaza wakawaulize wavuvi.