Pongezi kwa Mwalimu wa Kona ya Nyumbani

Wengi humwona mwalimu wa chekechea kama yaya mwenye chaki. Mimi namwona fundi. Shule za awali za mpango wa Madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kisha ukafika Zanzibar na Uganda, zimezoea vifaa vya kuchezea vinavyotengenezwa kwa vitu vya karibu: matambara, vifuu, maboksi. Katika kona ya nyumbani, yaani pembe ya darasa ya kuigiza maisha ya nyumbani, mwanasesere wa kitambaa "akilia", mwalimu huuliza: analilia nini, nani kamnyang'anya, tumfanyieje? Mtoto anayeshindwa kuieleza hasira yake huisema kwa kinywa cha mwanasesere, tena bila aibu. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti, alieleza mwaka 1933 kwamba mtoto anayejifanya mama hujifunga kwa kanuni za umama; hamtupi "mwanawe" apendavyo.

Wapo wanaosema kuigiza huko ni kupoteza muda wa kusoma na kuhesabu. Lakini mtoto aliyenuna hasikii irabu. Pingamizi zito zaidi ni la kitaalamu: mtafiti Angeline Lillard na wenzake walipitia tafiti nyingi mwaka 2013, wakaona ni hafifu ushahidi kwamba kuigiza kwenyewe ndiko kunakomkuza mtoto. Sawa, na ndiyo maana pongezi hizi simpi mwanasesere. Nampa mtu mzima anayejua kuuliza kwa wakati wake, akanyamaza, akasubiri jibu, hata darasa likiwa limefurika. Kamati za shule, mlipeni huyo kwanza. Rangi ya ukuta ingoje.