Asilimia Kumi za Chini

Wavuvi wa chisense wanaorudi Pweto alfajiri kutoka Ziwa Mweru huiona kila siku siri ambayo fundi wa taa za jukwaa huisaka maisha yake yote. Taa iliyowavuta samaki usiku kucha, kali kama mwezi, hufifia kadiri anga linavyopambazuka, ilhali hakuna aliyeigusa. Mwanga haukupungua. Jicho ndilo lililobadili kipimo.

Fundi anayeketi mbele ya meza ya taa katika ukumbi wa Lubumbashi hulitumikia jicho hilohilo. Akiacha kitelezi cha kupandishia mwanga kifuate mstari ulionyooka kutoka 0 hadi 100, mwanga huruka mwanzoni, kisha huonekana umesimama, na nusu ya safari ya mkono hupotea bure. Kwa hiyo huupinda mstari: kitelezi kikifika 50, taa itoe robo tu ya mwanga wake; kikiwa 10, itoe sehemu moja ya mia. Hesabu hupinda ili macho yaone unyoofu.

Balbu za zamani zilikuwa na subira. Waya wake ulipoa taratibu, ukaiva wekundu kama kaa la jikoni kabla ya kuzimika. Taa za LED hutii papo hapo, na kosa lolote huonekana. Kanuni ya DMX512, lugha ambayo meza huziamuru taa kwayo, iliyotungwa Marekani mwaka 1986, huipa chaneli moja ngazi 256. Kutoka 200 kwenda 201 hakuna anayeona kitu. Kutoka 1 kwenda 2 mwanga huongezeka maradufu, na giza hukatika vipande vipande. Taa ikiruhusu, fundi huunganisha chaneli mbili apate ngazi 65,536, kisha huzilainisha zile za chini kwa uvumilivu wa fundi seremala.

Mwaka huohuo wa 1986, Lubumbashi, kundi la maigizo la Mufwankolo lilikuwa likitunga mchezo kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Ulikua mazoezini, kwa maneno ya waigizaji wenyewe. Kazi ya taa nayo hukua hivyo: namba huianza, mazoezi huikamilisha.

Wewe kijana unayeishika meza hiyo leo, kabla watu hawajaingia, nenda ukaketi kiti cha nyuma kabisa. Mwombe mwenzako ashushe taa polepole. Ukiitambua nukta zilipozimika, rudi mezani, kazi haijaisha.