Boneti Ilikuwa ya Moto

Ile video ya kijana aliyenunua Impreza STI ya bluu kwenye yadi moja ya Ngong Road imezunguka kwenye simu mpaka wasiojua Subaru nao wanaijadili. Wengi wanampongeza. Mimi naona alinunua injini asiyoijua, na dalili aliishika kwa mkono wake mwenyewe.

Irudieni pale anaposhuka kwenye teksi. STI tayari inanguruma, ekzosi inatoa ule mlio unaowalewesha vijana wetu, na broka amesimama kando akitabasamu. Kijana anaweka kiganja juu ya boneti, anakitoa upesi. Imemchoma! Halafu anauliza bei ya mwisho. Alipaswa kusema: zima, nitarudi kesho alfajiri, na mtu asiiguse kabla sijafika. Muuzaji akigoma, ushapata jibu bila kulipa hata shilingi.

Sababu mnazijua, lakini inaonekana kuna wanaozisahau wakiona magurudumu ya dhahabu. EJ20, injini ya STI hiyo, ni bokseri: silinda zake zimelala ubavu. Ikipumzika usiku kucha na kupoa kabisa, dakika zake chache za kwanza ndizo zinazotoa siri. Pistoni iliyolegea hugonga ukuta wa silinda chuma kikiwa baridi, kisha hunyamaza kinapotanuka. Mlio hafifu unaopotea injini ikipata joto si ajabu kwa injini hizi. Ukibaki, na gari likatetemeka bila kukanyagwa, shuku pistoni iliyovunjika kingo zinazoshika ringi, na uanzie silinda ya nne, maana ndiyo yenye sifa mbaya. Moshi nao ni hivyo hivyo. Pumzi moja ya bluu asubuhi inasameheka, kwa kuwa oili kidogo hubaki ndani ya silinda iliyolala. Moshi usiokoma maana yake ringi zimechoka au tabo inavuja. Sasa broka aliyeiwasha mapema amekufutia ushahidi wote huo, nawe unamshukuru kwa kukuandalia gari!

Na kuiona baridi ni mwanzo tu. Baada ya hapo iendeshwe hadi ipate moto kamili, kwa sababu beringi za krenki hupiga kelele oili ikiwa nyepesi. Chombo cha maji ya rejeta kichunguzwe kama kinatoa mapovu, kwani mapovu ni dalili ya gasketi ya hedi inayovuja. Mwisho plagi zitoke na geji ya mgandamizo iingie silinda moja baada ya nyingine. Tunachotafuta hapo ni silinda nne zinazokaribiana. Moja ikiachwa nyuma na wenzake, funga pochi. Kufikia plagi za bokseri kunachubua vidole, zimebanana na kuta za chasisi, ndiyo maana fundi wa yadi siku zote "ameazimisha" geji yake.

Kijana nimpe haki yake: umiliki aliuthibitisha NTSA, namba ya chasisi aliilinganisha na ya logbook, na klachi aliijaribu vizuri.

Lakini kilomita! Aliulizia kilomita mara tatu, kana kwamba mita hairudishwi nyuma. Nimelisema hili hadi mhariri amechoka nami. Cha kuuliza ni mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na risiti iko wapi, maana hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali hukutana na pistoni. Cha pili ni nani aliyechezea kompyuta ya injini. STI za Japani zilipangwa kwa petroli yao ya okteni 100. Ya hapa haifiki huko. Ukimpa kijana wa kompyuta aongeze msukumo wa tabo juu ya petroli hiyo, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni ndizo zinazolipia. Ile vali inayopiga chafya kila gia inapobadilishwa, ambayo kijana alichekelea kwenye video, kwangu ni sababu ya kuuliza gari limechezewa nini kingine.

Mtaniambia dereva wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza. Alishinda, na nyuma yake kulikuwa na mafundi wa Prodrive. Mimi namkumbuka Joginder Singh, Simba wa Kenya, aliyeshinda Safari ya mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 ya mtumba, iliyokuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia. Huyo alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Leo tuna madereva wengi wa mtandaoni wasiojua hata kijiti cha oili kiko upande gani.

Kwa kuwa pesa zimeshatoka, kijana asilipeleke gari Nakuru wikendi hii kama alivyotangaza. Amwage oili, chujio likatwe kwa kikataji chake, si kwa msumeno unaoacha vumbi la chuma, karatasi yake itandazwe na iangaliwe kwenye jua. Ikiwa safi, aende kwenye geji ya mgandamizo. Ikionekana na vumbi linalometameta, hiyo ni beringi inayosagika, na injini ishushwe kabla krenki nayo haijaliwa.