Kidole Gumba Kilichofutwa

Mwaka jana mpiga picha alikuja mtaani kwetu Kayole akapiga mikono ya mama yangu. Mama ni mama fua. Baada ya wiki mbili picha ikatokea mtandaoni, kwenye mfululizo wa hadithi za kutia moyo za watu wa kawaida. Viganja viwili vilivyokunjamana kwa sabuni, juu ya beseni la bluu, na chini yake maneno kwamba mikono hii imesomesha mtoto hadi chuo kikuu.

Mtoto huyo ni mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilishinda mikono.

Sisemi picha ni mbaya. Povu linang'aa, na ule ufa kwenye kidole chake unaonekana vizuri. Lakini ukiiona unasema "heko mama", unabonyeza kimoyo, unapita. Huulizi alilipwa ngapi siku hiyo, wala kwa nini hana glavu. Yale maneno yamekujibu kabla hujauliza.

Tina Modotti, Mwitaliano aliyefanya kazi Mexico, alipiga mikono ya kibarua mwaka 1927. Mikono imejaa vumbi, imetulia juu ya mpini wa sepetu. Uso haupo, jina pia halipo. Hata hivyo sepetu ipo, na hakuna mahali tunapoahidiwa kwamba jasho hilo litalipa. Nikiiangalia nabaki na swali, na nadhani ndivyo alivyotaka.

Dorothea Lange naye alipiga "Migrant Mother" kule California mwaka 1936. Wengi tunakumbuka uso wa yule mama na mkono wake karibu na kidevu. Tusichokumbuka ni kidole gumba kingine, pale chini pembeni, kilichoshika nguzo ya hema. Lange aliona kinaharibu picha, akaagiza kifutwe kwenye negativu. Yaani mkono uliokuwa na kazi uliondolewa, ukabaki ule wa huzuni. Jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, halikujulikana kwa umma hadi mwaka 1978, na alilalamika kwamba hakuwahi hata kuulizwa.

Wapo wanaotetea picha za mikono bila majina. Wanasema hapa Kenya jina moja tu linatosha watu kukuweka kwenye kabila, kwa hiyo mkono usio na jina unakuwa wa sisi sote. Hoja ina uzito. Lakini mkono wa sisi sote haudai mshahara kwa yeyote. Nipe jina akikubali mwenyewe, na kama hataki, nipe bei ya kufua blanketi moja. Kidole gumba kirudishwe kwenye picha.

Nilitaka kuwaandikia wenye mfululizo warekebishe yale maneno. Nikaenda kwanza kumuuliza mama, nikakuta ameshaifanya picha yake ya WhatsApp. Anaipenda. Ila maneno ameyakata.

"Mbona umeyakata, mama?"

"Shangazi yako akiyasoma ataanza kuniuliza unahitimu lini."