Jinsengi ya Msituni: Uzuri wa Mzizi Uliokunjamana

Mnunuzi aliyezoea kuchagua karoti sokoni ataumbuka mbele ya jinsengi ya Marekani, mzizi wa dawa. Jicho lake litaukimbilia mzizi mnene, mweupe, usio na kunyanzi. Huo ndio wa bei ya chini.

Mzizi wa namna hiyo hutoka shambani, mara nyingi jimbo la Wisconsin, ambako jinsengi hulimwa kwa matuta chini ya vivuli vya kutengeneza, hupigwa dawa za ukungu na kung'olewa baada ya miaka 3 au 4. Wanunuzi wa Hong Kong huutamani ule wa milima ya Appalachia. Huko mbegu hufukiwa kidogo tu chini ya majani makavu, kivulini mwa miti mikubwa kama ule unaogemwa utomvu wa sukari, kisha mkulima huuachia msitu kazi. Mzizi hujipenyeza wenyewe kati ya mawe, na dhiki hiyo huuachia alama.

Alama ya kwanza iko shingoni, kwenye kipingili chembamba kinachounganisha mzizi na shina. Kila mwaka shina hufa na kuacha kovu moja, hivyo umri unahesabika kwa ncha ya kucha. Mzizi wa mwituni hauruhusiwi kuuzwa nje ya Marekani kabla ya kutimiza miaka 5, ingawa kwa mjuzi huo bado mtoto. Mzizi uliovunjwa shingo ni sawa na gari lisilo na kadi: huenda ni zuri, lakini nani ataamini?

Kisha pete. Ziwe nyingi, zimebanana mabegani kama uzi uliozungushwa, na vumbi kidogo la udongo likisalia humo si uchafu. Aliyeusugua kwa brashi mpaka ukang'aa amejipunguzia bei mwenyewe.

Ukaushaji ndio unaowaponza wengi. Mzizi uliokauka polepole kwenye hewa huvunjika mara moja, na ndani ni mweupe wa maziwa. Uliobabuliwa na joto huwa wa kahawia. Kanada iliyajua hayo kwa hasara. Padri Lafitau aliutambua mmea huo karibu na Montreal mwaka 1716, biashara na China ikashamiri, lakini kufikia miaka ya 1750 tamaa iliwafanya watu wachimbe kabla ya msimu na kukaushia kwenye tanuri. Wachina wakaikataa jinsengi hiyo.

Mwisho ni ulimi: kipande kitafunwe taratibu. Uchungu hutangulia, utamu hufuata na kukawia kooni.